Siku yangu na vifaranga wa kuchi, Kisauni

Saa kumi na moja alfajiri niko kazini. Nikisema kazi yangu ni kuku, watu hucheka: kwani kuku hawajifugi? Wanajifuga. Nasaba ndiyo haijitunzi.

Tuna mabanda 4 ya kuchi, kuku wa kienyeji wa huku pwani, kila moja na jogoo wake na matetea yake. Yai likiokotwa tu, naliandika namba ya banda kwa penseli. Siku ya 18 ndani ya mashine ya kutotolea mayai huachwa kugeuzwa, yakahamia kwenye vikapu vya wavu vyenye vifuniko, kila banda na chake. Maana siku ya 21 kifaranga akitoka, namba inabaki kwenye ganda. Yeye anatoka bila jina la baba.

Saa moja stima ikapotea, nikawasha jenereta, stima ikarudi. Mombasa hiyo.

Saa mbili manyoya yameshakauka, naanza kuwatoboa miguuni, alama ya banda. Nafungua kikapu kimoja tu, kingine hakiguswi. Kila mguu una utando mahali pawili, katikati ya vidole vitatu vya mbele. Banda la 1 natoboa utando wa nje mguu wa kushoto, la 2 wa ndani, la 3 na la 4 mguu wa kulia vivyo hivyo. Kwa miguu miwili unapata alama 16, ukimhesabu na asiyetobolewa kabisa. Kipande cha ngozi lazima kidondoke. Kikining'inia, tundu huziba na alama imekwenda.

Nilikuwa katikati ya kikapu cha banda la 2 mteja alipoingia, simu sikioni.

"Kijana, nipe kumi. Majogoo watupu."

"Mzee wangu, kuchi wa siku moja hajulikani jogoo wala tembe kwa kumtazama. Ngoja wakue kidogo."

"Mimi nimefuga kuku hujazaliwa wewe. Mwenye mguu mnene ndiye jogoo."

Nikamwambia tena, kwa adabu. Akakaa kwenye ndoo yangu, akapiga simu kwa shemeji yake kuthibitisha habari ya miguu minene. Shemeji akathibitisha. Nilipogeuka kuchukua daftari, mzee kafungua kikapu cha banda la 4, katoa wawili, kawatia kwenye cha banda la 2 ili awalinganishe miguu!

Wote manjano, wote wanalia. Nani wa nani? Waliokuwa hawajatobolewa kikapuni humo wakawa si mbegu tena, maana siku moja ningemwozesha ndugu kwa ndugu bila kujua. Bei ya mbegu na bei ya kitoweo si sawa hata kidogo. Mzee naye, kusikia wamechanganyika, akaomba apunguziwe.

Mchana sijui ulipita vipi. Maji kwanza, chakula baadaye, taa juu, taa chini. Wakijibana chini ya taa wana baridi, wakikaa mbali wakihema wana joto, na humu bandani tunahema sote. Mgongo unauma. Chai nimeinywa imepoa.

Jioni navunja mayai yasiyotoka, banda baada ya banda. Likiwa na kifaranga aliyefia ndani, naichunguza mashine. Likiwa halikuanza chochote, namtazama jogoo kwanza. Banda la 3 karibu yote hayakuanza, tena matetea wale wale walitotoa vizuri walipokuwa na jogoo mwingine. Huyo wa sasa ndiye kipenzi cha tajiri wangu, amemnunua ghali na humpiga picha kila Ijumaa. Kesho daftari nampelekea mimi.