Chini ya theluji udongo unapumua

Dada yangu mkubwa anaishi Minnesota, Marekani. Januari alinipigia video kol akiwa nyuma ya nyumba, theluji inamfika magotini, nikamwambia dada tafadhali chimba mpaka chini nione udongo wenu. Akachimba. Chini kabisa udongo ulikuwa mweusi, laini, sepeto linaingia vizuri tu, halafu akaenda pale kando ya gari ambapo huwa wanaondoa theluji kila siku na hapo sepeto likagonga kama limegonga mwamba. Baridi ni ileile na ni hatua kumi tu katikati!

Kumbe theluji ni blanketi. Ina hewa nyingi ndani, na ikifika sentimita 30 au 40 baridi ya juu haipenyi sana, nje inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri na udongo uko karibu na sifuri. Hapo vijidudu havijafa, vinakula mabaki ya mahindi na mizizi polepole na kutoa kaboni dayoksaidi msimu wote wa baridi. Hata udongo ukiganda, kunabaki utando mwembamba wa maji kwenye chembe zake, na humo kazi inaendelea. Nyingine ya hiyo hewa inapita kwenye theluji, nyingine inafungiwa na barafu hadi iyeyuke, ndio itoke kwa wingi.

Kinachonisumbua ni pale blanketi halipo. Udongo unaganda kwa nguvu, mabonge yanapasuka, vijidudu vingi vinakufa, na joto likirudi vilivyobaki vinakula maiti za wenzao na kaboni inafumuka. Na kama shamba lilitiwa mbolea ya nitrojeni inatoka pia hewa inayoitwa naitrasi oksaidi, na kilo moja ya hiyo inapasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kilo ya kaboni dayoksaidi. Sasa fikiria, dunia inapata joto, theluji inapungua, na sehemu zingine udongo unaishia kupata baridi zaidi kuliko zamani. Huko Tokachi, Japani, wakulima wanaondoa theluji makusudi ili baridi iue viazi vya kujiotea, vile ambavyo sisi hapa Molo, Kenya, tunang'oa kwa mkono tukiinama siku nzima.

Sisi hatuna theluji lakini tuna kiangazi. Mwanasayansi H. F. Birch alikuwa anafanya utafiti Muguga, hapo Kikuyu, na mwaka wa 1958 akaandika venye udongo uliokauka ukinyeshewa unatoa kaboni kwa kishindo, na nitrojeni inafunguka pia, na mpaka leo wanasayansi duniani wanaliita jambo hilo kwa jina lake. Kukauka na kulowa, kuganda na kuyeyuka, ni karibu hadithi moja, na ilisomwa kwa udongo wa hapa kwetu! Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha nachota udongo kwa mkono, una uvuguvugu bado, ile harufu inapanda, na najua huko ndani vijidudu vimeamka na njaa. Ndio maana mabua yangu siyachomi, nayaacha yalale juu ya shamba udongo usikaangwe na jua.

Nimemwomba dada, theluji ikiyeyuka mwezi wa nne, anichimbie tena pale pawili.