Nilivyoshuka milima ya Chunya na GX 100, breki zikanigomea mara ya kwanza

Wadau habari zenu. Watu kadhaa wameniuliza ile Jumamosi tulivyoenda Chunya ilikuwaje, maana wengi wana gari ndogo otomatiki na ile milima wanaiogopa, kwahiyo naweka hapa yaliyonikuta, hasa kwenye breki.

Tulikuwa gari 9, Crown, Altezza, Subaru, Mark X na GX 100 yangu, ile Toyota otomatiki. Tukakutana maeneo ya Uwanja wa Sokoine saa moja asubuhi, mwezi wa 6, baridi ya Mbeya mnaijua, watu wana makoti na vikombe vya chai mkononi na boneti ziko juu kila mtu anaonyesha injini yake. Kabla ya kutoka tukakubaliana mambo machache, wa mbele hazidi 60 mlimani, hakuna kuoveteki ndani ya msafara, na kila mmoja anamwangalia wa nyuma yake kwenye kioo, ukipita kona mbili hujamuona unapunguza. Mkia, yaani gari ya mwisho, tukampa dada mmoja wa Tukuyu mwenye Forester, baba yake aliendesha malori miaka mingi. Hilo la mkia ndo lililoniokoa.

Kupanda hakukunisumbua. Ukishaiacha Isanga barabara inanyanyuka moja kwa moja, ukifika msitu wa Kawetire gari inakuwa nzito kweli, unakanyaga haiitikii. Sio ubovu, hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1,000. Niliangalia tu mshale wa joto usipande. World's End, pale juu pa kutazamia mandhari, tukapaki, ukungu ukafunguka na Bonde la Usangu lote likaonekana chini kule, aisee mi ni mzaliwa wa Mbeya na bado nilisimama pale nimekaa kimya.

Sasa kushuka kuelekea Lwanjilo. Lami nzuri, kona tamu, mi nimeweka D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, na mguu uko juu ya breki muda wote, nabonyeza kidogo kidogo nikiamini ndo uangalifu wenyewe. Baada ya muda nikasikia harufu kama kandambili inaungua, nikadhani ni lori la mbele. Kona iliyofuata nakanyaga, pedeli inashuka laini kama nakanyaga sponji, gari inapungua kidogo tu. Mwili mzima ukawa wa baridi. Nikapampu mara tatu ndo ikashika, na muda huo huo Forester nyuma ananiwashia full na honi, nikatoka pembeni palipokuwa na tambarare kidogo.

Dada akaja mbio. "Kaka, toka juu kule taa zako za breki hazijazima hata mara moja. Unashuka na gia gani?" Nikamwambia D. Akatikisa kichwa, akaniambia nisivute handibreki maana breki zina moto, niache kwenye P, akatafuta mawe mawili akaweka mbele ya matairi. Rimu za mbele zilikuwa zinatoa moshi mwembamba. Kijana wa bodaboda akasimama na dumu lake, ana roho nzuri kabisa, anataka kumwagia maji, dada akamzuia, disk ikiwa ya moto hivyo ukaimwagia maji ya baridi inapinda au inapasuka. Tukakaa karibu saa nzima, msafara wote umenisubiri, hakuna aliyelalamika.

Akanifundisha pale pale. Kwenye gia liva ya GX kuna kibatani cha O/D (overdrive), ukikibonyeza kwenye dashi inawaka O/D OFF, gari haipandi gia ya nne. Mteremko ukiwa mkali unashusha liva mpaka 2, na unafanya hivyo kabla hujaanza kushuka, sio gari ikishakimbia. Alafu breki unakanyaga kwa nguvu muda mfupi, mwendo ukipungua unaachia kabisa ili zipoe.

Chunya tulikula wali na nyama, joto, makoti yote yakabaki kwenye gari. Mi mawazo yalikuwa kwenye kurudi, kwa sababu mteremko wa kuingia Mbeya mjini ndo mkali zaidi.

Tulipofika juu nikaweka 2. Injini ikanguruma, mshale wa mzunguko wa injini ukapanda, nikahisi naiua. Dada alikuwa ameshanionya, akasema gari za EFI, zinazopuliziwa mafuta kwa umeme, ukiachia pedeli ya mafuta kwenye mteremko nozeli za mafuta zinafunga, injini inazungushwa na matairi tu, acha ingurume. Na kweli gari ilikaa kwenye 40 yenyewe, kama kuna mtu kaishika nyuma. Nikawa nahesabu mara ninazogusa breki, mpaka Isanga nimegusa mara 14. Tukapaki, dada akasogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, akasema "Hizi sasa." Nikamwambia ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, na niliimaanisha.

Jumatatu gereji, fundi kafungua kikopo cha mafuta ya breki, meusi kama kahawa, tangu ninunue gari sijawahi kubadilisha. Yale mafuta yananyonya unyevu kwenye hewa, DOT 3 (daraja mojawapo la mafuta ya breki) mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140 hivi, na ikichemka inatengeneza mvuke ndani ya mipira ya breki, ndo ule usponji niliousikia mguuni. Pedi za mbele nazo zilikuwa zimeng'aa kama kioo. Tukaweka pedi mpya, DOT 4, tukatoa upepo kwenye breki za matairi yote manne. Mwezi ujao tunashuka Tukuyu mpaka Kyela, na nimeomba mi ndo niwe mkia.