Toyo haikutajwa

Moshi, Jumapili usiku, Julai 2024

Jumatano tuliingia mahakamani kwenye kesi ya mauaji saa tatu asubuhi, na saa nne haijafika tulikuwa tumeshatoka. Chupa ya chai niliyoiacha kwenye gari ya jirani, nikijua tutashinda pale mpaka jioni, nilipoifungua ilikuwa bado inatoa moshi. Mama mkubwa alikipokea kikombe akakishika kwa mikono miwili, akauliza, "Imekwisha?" Nikamwambia imekwisha. Akauliza tena kama vile sikuwa nimejibu.

Miaka 14 na miezi saba, na chai haikupoa.

Mtoto wa mama mkubwa kwetu ni kaka, hayo mambo ya binamu tunawaachia wenye vitabu. Kaka aliuawa usiku wa tarehe 23 Desemba 2009. Mnaijua Desemba ya huku. Mabasi ya Dar yanashusha watu mpaka usiku wa manane, kila mtu anataka kupandishwa mlimani na mabegi yake, na mwenye pikipiki halali. Siku hizi wanaitwa bodaboda, ila wakati ule pikipiki yoyote ya Kichina kwetu ilikuwa toyo. Ya kwake ilikuwa nyekundu, na mama mkubwa aliuza ng'ombe wawili ili inunuliwe. Alfajiri ya tarehe 24 mzee mmoja aliyekwenda kufungulia maji ya mfereji alimkuta kwenye migomba amelala kifudifudi, kofia ya pikipiki iko hatua chache pembeni. Toyo haikuwepo.

Tulimzika kihambani, shamba la nyumbani, tarehe 27. Watu walikuja msibani na nguo walizoshona kwa ajili ya Krismasi.

Kuhusu uchunguzi wa mwanzo sitaandika sana, maana hasira zinanipanda na kesho nina wateja. Kituo hicho sikitaji. Mpelelezi wa kwanza alihamishwa, wa pili alistaafu, wa tatu alikuwa kijana mwenye adabu ambaye kila tukienda alitupa kiti na hakutupa kitu kingine. Jalada liko kwa mwanasheria. Jalada limerudi. Gari haina mafuta. Huyo wa pili ndiye aliyemwambia mama mkubwa maneno ambayo ameyabeba mpaka leo: "Mama, jinai haiozi."

Ni kweli haiozi. Kwa sheria yetu mauaji hayana ukomo wa muda, mtu anaweza kushtakiwa leo kwa damu ya miaka 30 iliyopita. Lakini vitu vinavyoithibitisha hiyo jinai vinaoza vyote. Mama aliyekuwa akiuza ndizi za kuchoma pale njia panda, ambaye alimwona kaka akiwapakia watu wawili, alifariki. Mwenzake kaka wa kijiweni alikwenda Msumbiji kutafuta maisha, namba yake ikawa haipatikani. Ile kofia iliyokuwa kidhibiti hakuna aliyeweza kusema iko kabati gani. Mzee wa mfereji yupo, lakini ukimuuliza anakuhadithia habari za mwaka 1961.

Mwaka 2018, kwenye kilabu cha mbege, mtu mmoja aligombana na mwenzake akamwambia, "Nitakufanya kama yule wa toyo." Basi. Miaka tisa ya majalada ikafunguliwa na mdomo wa mlevi. Wakamkamata. Yule anayesemwa walikuwa pamoja usiku wa kaka alikuwa ameshafia Mererani, machimboni. Tukabaki na mmoja.

Ndipo tukajifunza maana ya neno "kutajwa". Shtaka la mauaji halina dhamana, kwa hiyo anakaa mahabusu gereza la Karanga, na kila baada ya siku 14 karandinga linamleta, kesi inatajwa, anarudishwa. Mama mkubwa alishuka na kifodi, daladala ndogo ya kwetu Uru, karibu kila tarehe. Tulisikia sentensi moja tu: upelelezi haujakamilika. Miaka tisa kabla hajakamatwa, halafu upelelezi haujakamilika! Siku moja nilicheka mle ndani na askari akanitazama vibaya.

Kwenye karatasi ya mlangoni iliandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Mama mkubwa, ambaye anasoma vizuri sana akivaa miwani, alinivuta mkono. "Huyu Jamhuri ni nani? Alimjua mwanangu?" Nilimweleza kwamba ndiyo serikali, inasimama kwa niaba yetu. Akatazama orodha yote juu mpaka chini. Jina la kaka halikuwepo popote. Kesi ya kifo chake na yeye hayumo.

Sasa hii Jumatano. Rafiki yangu mwanasheria wa Arusha alikuwa amenitahadharisha wiki moja kabla, nami nikajifanya sikuelewa. Alisema: kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kuua ni nini, cha 197 kinasema adhabu ni kunyongwa hadi kufa, na jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua. Pembeni yake kuna kuua bila kukusudia, ambako jaji anaweza kutoa kifungo cha maisha au akamwachia mtu kwa masharti akaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Katikati hapana ngazi. Upande wa Jamhuri ukitazama jalada ukaona mashahidi wamekufa, unaogopa kushindwa kabisa. Mtuhumiwa akitazama kamba naye anaogopa. Wanakutana. Shtaka linabadilishwa, yeye anakiri, kila mtu anakwenda kula mchana.

Ndivyo ilivyokuwa. Lilisomwa shtaka jipya, akasema "ni kweli," kwa sauti ndogo, akitazama viatu vyake. Kisha wakili wa serikali akasoma maelezo ya tukio. Nilikuwa na kalamu, mimi mtu wa steshenari siachi kalamu. Nikaandika: usiku, wote wamekunywa, kukatokea maneno, akampiga na fimbo, marehemu akaanguka. Nikasubiri. Wakili akakaa.

Toyo haikutajwa. Kaka yangu hakuwa mnywaji, lakini hilo ningelivumilia, marehemu huvishwa mengi. Toyo nyekundu ya ng'ombe wawili, iliyopotea usiku ule na ndiyo sababu ya yote, ilifutwa kwenye hadithi. Rafiki yangu alinieleza jioni kwenye simu kwamba isingeweza kuwemo. Ukiweka wizi unaweka nia, ukiweka nia unarudi kwenye mauaji, na mauaji ndiyo waliyokubaliana kuyaacha. Kwa hiyo ili adhabu ipungue ilibidi na kisa chenyewe kipungue.

Jaji hakuwa mtu mbaya, naomba niliseme hili. Alisikiliza, aliandika, alimtazama mama mkubwa mara mbili. Mwongozo wao wa adhabu umegawa kuua bila kukusudia katika madaraja matatu, la juu miaka kumi mpaka maisha, la kati minne mpaka kumi, la chini kuanzia kuachiwa kwa masharti mpaka minne. Kwa maelezo yale, ugomvi wa walevi na fimbo moja, utampandisha juu kwa lipi? Amekiri, amepunguzia mahakama kazi, ni kosa la kwanza, amekaa mahabusu miaka sita. Akampa minne. Toa theluthi moja anayosamehewa mfungwa mwenye tabia njema, inabaki miaka miwili na miezi minane. Nimeipiga hesabu kwenye kikokotoo cha dukani, kana kwamba kingenipa jibu lingine.

Watu wakisikia hivi wanadhani nataka anyongwe. Mjomba alisema hivyo msibani mwaka ule na amerudia Jumatano, "angenyongwa tu." Nani amnyonge? Nchi hii haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990. Rais Magufuli alisema waziwazi mwaka 2017 kwamba hatasaini mtu kunyongwa, na tarehe 9 Desemba mwaka huo akawasamehe 61 waliokuwa wamehukumiwa kifo. Na hapo Arusha tu, mwendo wa kama saa mbili kutoka hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema tarehe 28 Novemba 2019 kwamba adhabu ya kifo inayomnyima jaji nafasi ya kuchagua inavunja haki ya kuishi. Mimi nakubaliana nao. Lakini naona pia kwamba kamba isiyotumika ndiyo iliyoleta ule mkataba wa Jumatano. Inatisha kiasi cha kumfanya mtu akiri dogo, basi.

Wala si suala la umaskini peke yake, ingawa kwa muda mrefu nilijiambia hivyo. Wote tunakumbuka Erasto Msuya, mfanyabiashara wa tanzanite, alivyomiminiwa risasi mchana kweupe pale Mijohoroni, Hai, tarehe 7 Agosti 2013. Nilikuwa nikiona foleni ya waandishi kwenye kesi ile nawaza, kaka angekuwa na magari badala ya toyo tungesikilizwa. Ila hata ile ilichukua mpaka Julai 2018 ndipo watano wakahukumiwa kunyongwa. Dada yake naye aliuawa Kigamboni mwaka 2016, na Februari mwaka huu mahakama ikawaachia huru washtakiwa wawili wa kesi hiyo, baada ya kukaa mahabusu zaidi ya miaka saba. Kama hawakuhusika, wamerudishiwa nini? Na familia imebaki na nini? Fedha inakuletea waandishi.

Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Huyu wetu alikaa Karanga miaka sita bila kusikilizwa. Kama si yeye, kama yale ya kilabuni yalikuwa majigambo ya mbege tu, basi kusema "ni kweli" ndiyo ilikuwa njia fupi ya kurudi kwa watoto wake. Mimi mwenyewe ningesema. Kwa hiyo Jumatano ama muuaji alipewa miaka minne, ama mtu asiye na kosa alipewa minne juu ya sita, na sina njia ya kujua ni lipi, kwa sababu hakuna shahidi aliyesimama, hakuna aliyeulizwa swali. Nilimtazama sana usoni. Alikuwa amechoka, na hilo halithibitishi kitu.

Jana mama yake alikuja Uru. Alipanda na ndugu wawili na beberu mmoja, mkononi ameshika isale. Kwa msomaji asiye wa huku, isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani na makaburini, na mtu akikuletea isale anaomba msamaha kwa namna ambayo ni vigumu sana kumrudisha. Wazee wanasema hata wa damu anapokelewa. Tulikuwa tumekaa uani. Yule mama hakulia, alipiga magoti tu kwenye udongo wenye baridi akanyoosha jani.

Mama mkubwa alilipokea. Kisha akamuuliza, kwa upole kabisa, kama anayeuliza bei ya ndizi: "Unaniomba msamaha wa lile lililosomwa, au wa lile nililozika?"

Yule mama alisema hajui. Alisema mwanawe hajawahi kumweleza. Kila akimuuliza anamwambia, mama, acha tu, ningoje nitoke. Nikaona wanawake wawili wa umri mmoja, wote wanatafuta habari ile ile kwa mtu yule yule. Beberu akala majani ya mahindi ya jirani na hakuna aliyemfukuza.

Mjomba alitaka lirudishwe jani na mbuzi wake. Alisema tukipokea tumemaliza, na sisi hatujamaliza. Mama mkubwa hakumjibu. Aliingia ndani, akalichomeka jani kwenye kopo la maji juu ya kabati, jirani na picha ya kaka ya kipaimara. Mbuzi amerudi nao. Mbuzi ni wa kula pamoja, alisema, na hatujafika huko.

Wageni walipoondoka aliniita jikoni. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, hakuniangalia. "Wewe mwanangu una kompyuta. Niandikie barua kwa huyo kijana." Nikauliza niandike nini. Alinitajia polepole, nami nikaandika kwenye simu. Hataki kujua kama anajuta. Hataki kujua kwa nini. Hataki hata athibitishe kwamba ni yeye. Kama alikuwepo, au kama aliwahi kusikia kwa yule aliyefia Mererani, amwambie tu mambo mawili: kaka alisema nini mwishoni, na toyo iliuzwa wapi.

"Toyo ya nini sasa, mama mkubwa? Hiyo imeshakuwa chuma chakavu."

"Niliuza ng'ombe," alisema.

Nimeichapa leo jioni, karatasi moja, herufi kubwa kidogo. Nimeirudia mara tatu kuondoa maneno yangu, maana yanajipenyeza. Iko hapa mezani kwenye bahasha ya kaki, haijafungwa. Barua za gerezani husomwa kwanza na wengine kabla ya mwenyewe, na sijui akijibu ukweli mtu mwingine akausoma, rafiki yangu wa Arusha atauitaje. Nimempigia, hajapokea. Kesho asubuhi mama mkubwa atashuka na kifodi cha kwanza aje kuweka sahihi.