Desemba watu wanapanda Moshi, sisi tukashuka Mafia

Kila Mchaga anajua Desemba ni ya kupanda nyumbani, mabasi ya kutoka Dar yanajaa mpaka watu wanakalia ndoo, nauli inapaa, na kuanzia Same mpaka Mwanga barabarani ni magari ya watu wa mjini tupu. Sasa mwaka jana mimi na binti yangu Manka, miaka tisa, tukafanya kinyume, tarehe 27 tukapanda basi Moshi tunashuka Dar, basi zima abiria hawafiki ishirini, kila mtu kalalia siti mbili. Bibi yake alininunia. Krismasi tulikula naye, mbuzi tulichinja, lakini kwake kuondoka kabla ya mwaka mpya ni sawa na kutoroka msibani. "Baba Manka, huko baharini kuna nini ambacho hapa hakuna?" Manka akanijibia, "Kuna papa potwe, bibi."

Kosa lilikuwa langu. Mwezi wa saba alimwona huyo samaki kwenye simu yangu na toka siku hiyo nyumba haikukalika, nikamwahidi nikijua watoto husahau, hakusahau. Akajifunza kuogelea, kwanza pale Chemka kwenye yale maji ya chemchemi ambayo unaona mpaka mizizi chini, afu kwenye bwawa la hoteli moja mjini kila Jumamosi. Ambacho sikumwambia ni kwamba baba yake hajui kuogelea. Mi nimekulia Kibosho bana, maji makubwa niliyoyajua utotoni ni mfereji, na mfereji unaishia magotini.

Dar tukalala Mbagala kwa shangazi yake, ikawa bahati maana magari ya Nyamisati yanatokea hapo hapo Rangi Tatu. Wengi wanadhani kufika kisiwa cha Mafia ni kwa ndege tu, na ndege zipo, vile vidogo, ila kwa mfuko wangu ilikuwa tuchague ndege au tuchague kula. Unashika barabara ya kusini mpaka Bungu, unakata kushoto, unafika Nyamisati, unapanda boti. Sisi tuliambiwa itaondoka asubuhi. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, kila nikimuuliza yule kijana wa tiketi ananijibu "tunasubiri maji". Nikajua ananitania, maji si hayo hapo? Kumbe mpaka yajae, yakikupwa boti inakaa kwenye matope. Mtu wa Moshi nimezoea gari kusubiri abiria, kusubiri maji sijawahi maishani.

Mwanzo wa safari ni mzuri kweli, unaacha mikoko ya delta ya Rufiji nyuma yako na ndege weupe wamekaa juu yake. Ila mkishatoka bahari kuu mambo mengine. Manka akatapika chapati zote za shangazi. Mama mmoja mtu mzima wa Mafia akafungua pochi akatoa ndimu, akaikwaruza kwa kucha, akampa. "Shikamoo bibi," Manka akasema huku macho yanalengalenga. "Marahaba mjukuu wangu, nusa hii, na maji usiyatazame, tazama kule mbali." Akanusa mpaka Kilindoni. Mi nilitamani kuomba yangu nikaona aibu.

Kilindoni ni mji mdogo, minazi kila upande, bodaboda, harufu ya dagaa wanaoanikwa. Tukapata gesti safi ya bei ya kawaida, na wali wa nazi na pweza usiku wa kwanza, Manka akaniuliza ndizi zetu zipo wapi, nikamwambia hapa ndizi ni tunda.

Siku ya kwanza ya potwe tulitoka saa moja asubuhi, tukazunguka saa tatu nzima, hatukuona kitu. Hela imeenda, jua limetuchoma, mtoto kanuna. Nahodha, mzee mpole sana, akasema kesho niongee kwanza na wavuvi wa dagaa, na hapo ndipo nikajifunza mambo. Potwe ni samaki mkubwa kuliko wote duniani lakini hali watu, hali hata samaki wakubwa, anachuja maji tu, viumbe vidogodogo, uduvi, dagaa. Kwa hiyo dagaa walipo na yeye yupo, na wavuvi wa Kilindoni wanamjua kama sisi tunavyojua ng'ombe wa jirani, mara nyingine anawaingilia mpaka kwenye nyavu kufuata dagaa. Msimu wake hapo ni kuanzia Oktoba mpaka kama Machi. Upande wa Kenya nasikia wanamwita papa shilingi, wanasema Mungu alifurahi sana alipomwona akammwagia sarafu mgongoni.

Kesho yake hatukwenda hata nusu saa. Nahodha akazima mashine akanyoosha kidole, nikaona kivuli, nikadhani ni mwamba. Mwamba ukakata kona.

Sijui nielezeje ukubwa. Nahodha alikadiria mita saba, akasema huyo bado kijana, wanaokuja Mafia wengi ni madume ambayo hayajakomaa. Mita saba ni Coaster. Sio Hiace, Coaster nzima inapita chini ya miguu yako bila mlio. Mgongoni ana madoa meupe kama mtu kakung'uta unga kwenye kanga nyeusi, na wanasema madoa hayo hayafanani kwa potwe wawili, kama alama za vidole, wataalamu wanapiga picha ubavuni nyuma ya matamvua wanamtambua mwaka hadi mwaka. Mdomo mpana kama beseni la kufulia, jicho dogo la ajabu, tumboni kuna visamaki vimejibandika vinapata lifti.

Masharti tulipewa kabla, usimguse, usimkatize mbele, kaa mbali naye kama mita tatu, mkiani zaidi. Manka akavaa miwani na mrija, chubwi, kijana wa boti akaruka naye. Mi nikavaa laifu jaketi, nikakaza mikanda yote, nikashuka ngazi taratibu nikashika kamba ya ubavuni na sikuiachia. Nikaingiza uso majini na ndipo alipopita, pumzi ikakata, nikameza maji ya chumvi lita nzima naona. Nikatoa kichwa namwambia nahodha mbona anakuja huku, akasema "huyo hana habari na wewe baba, anafuata dagaa". Sasa mi naonekana dagaa?

Manka akaibuka huko mbele, akageuka, akaniangalia nilivyong'ang'ania kamba kwa mikono yote miwili. "Baba, kwani hujui kuogelea?"

Kabla sijafungua mdomo nahodha akasema, "Baba yako analinda boti." Boti nzima ilicheka, nami nikacheka, nikameza maji tena.

Siku ya mwisho tukaenda Chole, kisiwa kidogo cha jirani. Pale kijiji cha Utende unalipa kiingilio cha hifadhi ya bahari, iliyoanzishwa 1995, ya kwanza nchini, Mtanzania analipa kidogo ukilinganisha na mgeni. Chole kuna magofu ya Wajerumani yamekumbatiwa na mizizi, na popo wale wakubwa wananing'inia mchana kweupe kama makoti yaliyoanikwa. Kwenye kuvuka kasa alitoa kichwa mara moja, akavuta hewa, akazama. Kurudi ndio balaa, maji yamekupwa, tukatembea kwenye tope kufuata boti, kandambili yangu ya kushoto imebaki Chole mpaka leo. Manka akamsikia mtu akisema vifaranga vya kasa kisiwa cha Juani huanguliwa katikati ya mwaka, akanitazama tu, nikajua mwezi wa saba nina kesi nyingine.

Tulirudi Moshi wiki ya kwanza ya Januari, mabasi ya kushuka yamejaa, la kwetu la kupanda tupu tena. Tukaenda moja kwa moja kwa bibi. Manka akasimulia kwa mikono, kwa miguu, akapima hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, kuonesha urefu. Bibi kasikiliza mpaka mwisho.

"Samaki mkubwa hivyo," akanigeukia mimi, "na hamjaniletea hata kipande?"

Nikamtolea pweza mkavu niliyemnunua Kilindoni. Akamgeuza, akahesabu mikono yake taratibu, akamrudisha kwenye mfuko. Akasema ngoja apike ndizi.