Ndege wa Kinangop na bei ya maziwa

Ukitaja Kinangop, ule uwanda wa juu kule Nyandarua, Kenya, watu wanafikiria viazi, kabichi na ile baridi ya kukata masikio. Wachache sana wanajua kuna ndege pale ambaye ukitoka nje ya Kenya humpati popote duniani. Wanasayansi wanamwita Macronyx sharpei, kifua njano, mgongo wa kahawia wenye michirizi, na ukucha wa nyuma mrefu hadi unajiuliza anatembeaje nao. Aliyemwandika kwanza ni Frederick Jackson mwaka 1904, yule yule aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, kumbe jamaa alikuwa na muda wa ndege.

Sasa kumwona, pole sana. Nilisimama kwa fensi ya anko wangu upande wa Njabini, macho kwa nyasi, na nilichoona kwanza nilidhani ni panya, kitu kinakimbia chini chini kati ya mafungu ya nyasi, kinasimama, kinakimbia tena. Halafu akageuka nusu na ile njano ikatokea kidogo tu, akanipa mgongo, basi, akapotea na nyasi zenyewe hata hazifiki goti. Nilipokanyaga karibu akaruka, nikaona ule weupe pembeni mwa mkia, akashuka mita chache mbele na sikumpata tena.

Huyu ndege ana maringo kwa mambo ya nyasi. Anataka fupi za kutafutia wadudu, lakini katikati yake lazima kuwe na yale mafungu magumu ya kujificha na kutaga, kwa sababu kiota chake kiko chini kabisa kwenye shina la fungu. Na hayo mafungu ndiyo mkulima hayataki, ng'ombe hawali, yanakula nafasi, kwa hivyo mtu akipata jembe na vibarua yanang'olewa kwanza. Lakini pia ukiondoa mifugo yote nyasi zinakua ndefu mno na bado ndege anahama. Yaani anahitaji ng'ombe na kondoo, ila wa kiasi.

Na kuna watu wanauliza si serikali iweke tu mbuga? Mbuga iko hapo juu, Aberdare, ila ile ni msitu na milima, huyu hakai huko. Nyasi zake ziko kwa mashamba ya watu wenye title deed. Miaka ya sitini baada ya uhuru yale mashamba makubwa ya wazungu yaligawiwa watu, wazee wakagawia watoto, watoto nao wana watoto, na ukibaki na ekari mbili huwezi kuziacha zikae nyasi ati kwa sababu ya ndege. Ndiyo maana yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka.

Nikamuuliza anko mbona upande wa chini amelima na zamani ilikuwa malisho. Akaniangalia vile wazee huangalia watu wa Nairobi. "Maziwa yakishuka bei mimi nakamua ya nini? Viazi angalau naona gunia." Sikuwa na jibu na mpaka leo sina. Kwangu mimi hesabu yote iko hapo, maziwa yakilipa nyasi inabaki, yakikosa kulipa trekta inaingia, na shamba likishalimwa sahau yale mafungu kurudi haraka.

Kuna wanaojaribu. Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, walinunua vipande vya ardhi huko vikae nyasi, na kuna kikundi cha wenyeji, Friends of Kinangop Plateau, ambao wako na karakana ya sufu pale Njabini, kina mama wanasokota sufu ya kondoo. Mimi hiyo ya sufu ndiyo naipenda zaidi, maana kondoo akiwa na faida nyasi nayo inakuwa na faida, mtu haombwi ajitolee bure. Vile vipande vilivyonunuliwa ni vizuri lakini ni vidogo ukilinganisha na uwanda wote, hatuwezi kununua Kinangop nzima jamani.

Mkitaka kwenda mumwone chukueni guide wa pale pale, vaeni gumboots, na tafadhali msicheze sauti yake kwa simu ndio atoke, mnamchosha wakati wa kutaga. Sufu inauzwa, bebeni cash.