Mguu wa mbele wa Cutlass

Jana usiku nimemaliza kuunda mfano mdogo wa ndege ya kivita ya Vought F7U Cutlass, kipimo cha 1/72. Wiki tatu! Mabawa na rangi havikunisumbua. Kilichonitoa jasho ni mguu wa gurudumu la mbele: mrefu, mwembamba, ulikatika mara mbili hadi nikapitisha waya wa shaba ndani yake. Nikawawaza marubani wa Jeshi la Majini la Marekani miaka ya 1950. Ndege haina mkia, injini za Westinghouse hazina nguvu ya kutosha, pua imenyanyuka wanapotua kwenye manowari ya kubeba ndege, na mguu huohuo ulikuwa ukivunjika kweli. Zaidi ya robo ya ndege hizo zilipotea kwa ajali. Bado kwangu ndiyo nzuri kuliko zote kabatini.