The Cinematic Orchestra pale Royal Albert Hall: mashine na watu steji moja

Albamu nyingi za laivu mi huwa nazipita tu. Unakuta ni nyimbo zilezile za studio, zimepigwa haraka kidogo, wameongezea makofi na msanii anauliza kila baada ya dakika mbili kama watu wako sawa. Ila hii ya The Cinematic Orchestra, waliyorekodi London Novemba 2007 pale Royal Albert Hall halafu ikatoka 2008, naipenda kuliko albamu za studio zilizoizaa, na sababu iko kwenye namna ule muziki ulivyotengenezwa tangu mwanzo.

Bendi ni ya Jason Swinscoe, Muingereza, na albamu yao ya kwanza, Motion, ilitoka 1999 kwenye lebo ya Ninja Tune. Jamaa alikuwa anachukua vipande vifupi kutoka kwenye rekodi za zamani, anawapa wanamuziki wa jazi wapige juu yake vile wanavyojisikia, anarekodi, alafu anakaa kwenye kompyuta anakikata tena kile walichopiga, anakizungusha, anakipanga upya. Kwa hiyo unasikia jazi iliyopigwa na watu kabisa, ila umbo lake limetoka kwenye mashine, besi inarudia mstari mmoja dakika nyingi bila kuchoka na wewe msikilizaji unaingia humo humo taratibu.

Sasa siku ya shoo kompyuta haiwezi kumaliza kazi yote. Kile ilichokuwa inazungusha yenyewe inabidi mtu akizungushe kwa mikono yake, na hapo ndo albamu hii inanikamata. Chukua wimbo Flite. Kwenye albamu yao ya studio Every Day ya 2002 drams zake ni za kasi, zimekatwakatwa kwa mtindo wa drum and bass, ule muziki wa kompyuta wa drams za mbio, ukisikia unasema hii ni mashine. Pale stejini anazipiga Luke Flowers. Vaa hedifoni nzuri usikilize sneya yake tu, ile ngoma ya drams yenye mlio mkali, achana na vingine vyote kwanza, kuna vipigo vidogo vidogo laini vinakaa katikati ya yale mapigo makubwa, na kila raundi vinahama kidogo, hapa kimoja kimeongezeka, pale kimepungua, yaani mtu anaiga kitu kilichokatwa na kompyuta alafu anakitia pumzi ambayo kompyuta haikuwa nayo. Nimeirudia sehemu hiyo hadi majirani nadhani wanaijua.

Alafu kuna okestra. Wamepiga na Heritage Orchestra, na mi nilikuwa na wasiwasi maana bendi ikialika okestra mara nyingi fidla zinawekwa nyuma zitanue sauti tu, zinashika noti ndefu basi. Hapa zina la kusema. Sisi tuliolelewa na taarab asilia tunajua fidla inavyotakiwa kufanya: mwimbaji akimaliza mstari fidla zote zinajibu kwa pamoja, na bila lile jibu wimbo haujakamilika. Nyuzi za albamu hii zina tabia hiyo hiyo, saksafoni inasema kitu, zenyewe zinaingia na neno lao, na nadhani ndo maana muziki huu haujawahi kunisumbua kuuelewa hata siku moja japo umetoka mbali na kwetu.

Wimbo wa kuonyesha hilo ni Man with the Movie Camera. Waliutunga kwa ajili ya filamu ya Dziga Vertov ya 1929, filamu ya Kisovieti isiyo na sauti, na bendi ilikuwa ikiipiga laivu huku filamu inaonyeshwa. Mstari wa besi unarudi na kurudi, saksafoni ya soprano inapanda juu yake, na ukija kwenye toleo hili la London uzito wa okestra unaongezeka kidogo kidogo hadi huwezi kutenganisha tena jazi iko wapi na muziki wa klasiki uko wapi. Mi hata sijaribu.

All That You Give pia, jamani. Studio aliuimba Fontella Bass, yule mama wa St. Louis aliyetikisa Marekani mwaka 1965 na wimbo Rescue Me, sauti ya kanisani yenye miaka mingi ndani yake. Albert Hall anayeuimba ni Heidi Vogel, na kwa kweli kuusimamia wimbo wa mama yule mbele ya umati si mchezo. Hakujaribu kumuiga. Ameuimba kwa utulivu wake, sauti pana, na kwangu umesimama.

Kuhusu ukumbi wenyewe niseme kidogo. Ulifunguliwa 1871, una umbo la yai, una kuba kubwa juu, unabeba watu zaidi ya 5,000, na kwa miaka mingi ulisifika kwa mwangwi mbaya hadi 1969 walipotundika darini yale madude ya faibaglasi ambayo watu wanayaita uyoga, yanavunja sauti isirudi chini yote kwa mpigo. Jengo la namna hiyo na drams za kasi ni ugomvi. Mafundi wa sauti wa rekodi hii wanastahili sifa zao, sneya inasikika kavu na ya karibu, nyuzi zina nafasi ya kutosha, na bado unajua kabisa uko kwenye ukumbi mkubwa wenye watu.

Ukiitafuta usianze na To Build a Home kisa ndo wimbo unaoufahamu, iache ikukute kwenye zamu yake. Anza mwanzo, sauti juu, na usiiweke kwenye shafo, nyimbo zikaja bila mpangilio.